Kibali cha Oubliette

Kwa miaka mitatu nilikula, nikavaa na kunywa chai kwa sababu mkubwa mmoja aliona haya kuuliza.

Kibaraza changu kilitazamana na ofisi ya vibali vya ujenzi. Nilikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, viti viwili, kalamu za wino na kitabu kimoja. Kazi yangu ilikuwa kuwajazia watu fomu. Fomu ziliandikwa kwa Kiingereza, watu waliongea Kiswahili, na pale katikati penye pengo ndipo nilipoweka meza. Mimi mwenyewe shule nimeisoma vipande vipande: darasa la kwanza na la pili mahali pamoja, la tano mahali pengine, la tatu na la nne sijawahi kuyaona. Yaliyobaki nimeyaokota njiani, maana sikuwa mtu wa kukaa. Nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, nimelinda maghala ya pamba, nimeshika fito za wapima ardhi mpaka mabega yakaota sugu. Mpima ardhi wa mwisho, siku ya kuondoka, aliniachia koti la mvua na kile kitabu. Koti liliibwa wiki ileile. Kitabu hakuna aliyekitaka.

Kilikuwa kitabu cha nomino za Kiingereza zisizo za kawaida, yaani majina ya vitu ambavyo watu wengi, hata wenye lugha yao, huvionyesha kwa kidole tu. Humo nilijifunza kwamba ile ncha ngumu ya kamba ya kiatu ina jina lake, "aglet." Kwamba kijifereji kilicho kati ya pua na mdomo kinaitwa "philtrum." Kwamba harufu ya ardhi kavu ikipigwa na mvua ni "petrichor," na tumbo likinguruma mbele za watu, ule mngurumo ni "borborygmus," neno ambalo lenyewe linanguruma. Niliyasoma mchana kutwa nikisubiri wateja, nikajiona nimemaliza shule zote kwa mpigo mmoja.

Mdogo wangu wa kike hakuona hivyo. Mdogo wangu ni fundi cherehani, mjane, na mimi nilikuwa nimefika kwake kukaa wiki mbili. Wiki hizo ziligeuka miaka, nikawa mtu wa chumba cha uani. Siku niliyompa habari za aglet alikuwa anakata uzi kwa meno. Akaniuliza kama watu waliofunga viatu kabla ya kulijua hilo jina walikuwa wakitembea viatu vinawatoka miguuni. Nikamwambia elimu si ya viatu tu. Akasema anaona, maana vyangu vimeachama kama samaki.

Sasa biashara ilivyokuwa. Kwenye ukuta wa ile ofisi, kando ya dirisha la kupokelea fomu, palibandikwa orodha ya vitu visivyoruhusiwa mbele ya nyumba: duka, kibanda, gereji, saluni, mgahawa, mtaro, banda la mifugo. Binti wa dirishani alikuwa na kazi moja, kulinganisha fomu na orodha. Kitu kikiwemo, anairudisha fomu palepale. Kisipokuwemo, anaipeleka ndani kwa mkuu.

Mkuu huyo tulimwita Kamusi. Hakupewa jina hilo kwa kujua maneno. Alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui neno. Umletee lolote, atalitazama, atavuta midomo kama mpishi anayeonja chumvi, atasema, "Eeh, hilo tunalo," kisha atapiga mhuri. Mhuri wenyewe hakuuacha ofisini hata akienda msalani. Aliufunga kwenye leso pamoja na kidau cha wino, akautia mfuko wa ndani wa koti, na koti hakulivua hata jua likiwaka namna gani. Makarani wawili walishahamishwa kwa kosa la kumuuliza swali mbele za watu. Waliobaki walikuwa wamejifunza kutikisa kichwa.

Niliyagundua haya kwa bahati. Kinyozi mmoja alikuwa amekataliwa mara nne. Mara ya tano nikafungua kitabu, nikaandika kwamba anaomba kujenga "belvedere," yaani kijumba kilichowekwa mahali pazuri ili mtu akae atazame mandhari. Nilijitetea moyoni kwamba mteja wa kinyozi naye hukaa akatazama mandhari, yake mwenyewe, kwenye kioo. Kibali kikatoka kabla chai yangu haijapoa.

Baada ya hapo sikulala njaa. Fundi pikipiki akapata "porte-cochère," ambalo ni paa la mbele ya jumba, gari la mgeni linasimama chini yake ateremke bila kulowa. Seremala mmoja alikuwa anataka mtaro wa kuzuia mbuzi wa jirani wasiingie karakana. Nikamtafutia "ha-ha." Hilo ni handaki lenye ukuta upande mmoja, lililofichwa ardhini ili lizuie mifugo bila kuharibu mandhari. Katika maneno yangu yote, hilo peke yake lilisema ukweli. Binti wa dirishani alinisimulia kwamba Kamusi alilitazama lile neno muda mrefu, kisha akawatazama makarani mmoja mmoja aone nani anamcheka. Hakucheka mtu. Akasema hilo tunalo, akapiga mhuri kwa nguvu kuliko siku zote.

Nilijua ninachofanya ni kuunenepesha ujinga wa mtu mwingine ili nami nipate chakula. Lakini watu walianza kunisalimu barabarani. Walinivukia upande wangu, wakaniita mwalimu. Mtu aliyezeeka akishika fito za wenzake, ukimwita mwalimu mara tatu kichwa kinavimba, na changu kilivimba mpaka kofia ikanibana.

Kisha watu wa ofisi wakaja na rangi nyekundu mpaka kwetu.

Chumba cha kushonea cha mdogo wangu kilikuwa futi nane kwa kumi, kimeegemezwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, bila njia ya kupenya kuingia ndani. Mlango wake na dirisha lake vyote vilitazama barabara. Marehemu mumewe alikijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, bila kibali, kama kila mtu. Wakachora X mlangoni na kubandika karatasi: kibali kipatikane ndani ya siku kumi na nne, la sivyo kinavunjwa. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na vitambaa vya sare za shule nzima, mashati, kaptula na sketi, zinazotakiwa siku shule zikifunguliwa. Chumba kikivunjwa, kazi ile inakwenda kwa fundi mwingine, na yeye hakuwa na kazi nyingine wala mtu wa kumtegemea isipokuwa mimi. Hilo la mwisho alilitaja kama mtu anayemalizia orodha ya misiba.

Alivuka barabara akaja kukaa kwenye kiti cha wateja.

"Andika chumba cha kushonea," akasema.

Nikamweleza, kwa ule upole wa daktari na mgonjwa asiye na shule, kwamba kuandika kitu wazi namna hiyo ni kujimaliza. Akauliza kama chumba cha kushonea kimo kwenye orodha ya ukutani. Nikamjibu kwamba mambo ya orodha yana undani wake. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijaisoma ile orodha tangu mwaka wa kwanza. Akasema tena, taratibu, niandike kitu kilivyo.

"Dada, wewe shona," nikamwambia. "Maneno niachie mimi."

Akainuka, akakirudisha kiti chini ya meza. Ule utulivu wake naujua tangu tukiwa watoto, na ningekuwa na akili ningeuogopa.

Sikutaka kumpa ndugu yangu wa damu neno lililokwishavaliwa na wengine. Nilitaka jipya. Nikafika kwenye herufi O, ambapo kitabu kilikuwa kimepata ajali: mchwa walikuwa wameingia kona ya chini ya kurasa kadhaa wakala mpaka wakaridhika. Chini kabisa ya ukurasa mmoja nikaliona neno "oubliette." Maana yake ilianza vizuri: chumba kidogo katika majumba ya wakubwa wa zamani, chenye. Hapo mchwa walikuwa wamefika kabla yangu.

Mwenye busara angefungua ukurasa mwingine. Mimi nikamalizia mwenyewe. Chenye mapazia, nikasema. Chenye kiti cha mto na mwanga mzuri. Neno lenyewe lilikuwa na sauti ya hariri ikikokotwa sakafuni, nikamwona kabisa bibi wa jumba amekaa humo anadarizi. Kutoka kudarizi mpaka kushona ni hatua moja. Nikaliandika kwa herufi kubwa, nikapuliza wino ukauke.

Kibali kilitoka siku ileile. Binti wa dirishani aliniambia kwamba Kamusi safari hii hakuishia kwenye hilo tunalo. Aliongeza kwamba nyumba za kisasa zinapaswa kuwa nazo hizo. Mdogo wangu akakibandika kibali juu ya cherehani. Mimi akanigeuzia kola ya shati langu lililochakaa bila kuombwa, na kwa muda wa siku tatu hakuna mtu aliyelala vizuri kunizidi.

Siku ya nne binti wa dirishani akaharibu kila kitu bila nia mbaya. Alikuwa anajenga nyumba yake kidogo kidogo, na kwa kuwa mkuu amezisifu ubulieti, kama walivyolitamka lile neno pale ofisini, akaona naye aweke moja. Akataka kuona picha. Akalitafuta neno kwenye simu, akacheka mpaka akashika meza, na kabla hajafikiri akawasomea wenzake kwa sauti: gereza la kwenye ngome za kale, lisilo na mlango wala dirisha, lenye tundu moja tu darini, mtu anatupwa humo asahaulike.

Aliponyanyua macho, Kamusi alikuwa amesimama mlangoni.

Mtu wa kawaida hapo angecheka nao, akasema, jamani, mzee wa kibarazani kanipata, leteni kile kibali nikirekebishe. Lakini kusema hivyo ni kusema hakujua, na hayo maneno mdomo wake haukuwahi kufundishwa. Akavuta midomo. Akasema alijua tangu mwanzo. Aliruhusu kwa makusudi. Na kwa kuwa aliruhusu ubulieti, basi ofisi itahakikisha kwamba kilichopo pale ni ubulieti na si kitu kingine.

Barua ikaja. Mwenye kibali azibe mlango, azibe dirisha, atoboe tundu moja kwenye paa. Baada ya siku saba mkuu angekuja kukagua yeye mwenyewe. Hakutaka kutuma karani, maana karani angeweza kuuliza swali. Chumba kisipolingana na kibali, kinavunjwa siku hiyohiyo.

Barua niliisoma mimi, mdogo wangu akikanyaga cherehani. Nilipofika kwenye maana ya lile neno, nikaimalizia kwa kunong'ona. Cherehani ikasimama.

"Ulijua?"

"Nusu," nikasema.

"Nusu ipi?"

"Ya juu."

Akaitazama ile karatasi iliyobandikwa juu ya cherehani, akanitazama mimi, akaendelea kushona. Nikaenda chumbani kwangu nikafunga begi. Sitajipaka rangi: hivyo ndivyo nilivyoishi. Kambi ikiharibika, naondoka. Nikikosana na mtu, naondoka. Wanaonifahamu kwa mbali wanasema napenda safari. Begi langu hufungika kwa muda wa kuchemsha chai, na nilikuwa nimelitia begani tayari nilipomkuta amesimama kwenye lango la uani. Mkono mmoja ana nyundo, mwingine ana kopo la misumari.

Kwanza nilidhani anataka kunipiga, na niliona ni haki yake.

"Kaka, leo huendi popote," akasema. "Shika nyundo."

Akataka ifanyike kama barua ilivyosema, bila kupunguza wala kuongeza. Tukatoa nje cherehani moja na vitambaa vya kutosha, nyingine tukaiacha ndani pamoja na meza na mashati yaliyokuwa yanasubiri vifungo. Nikapigilia mbao mlangoni. Nikapigilia mbao dirishani, kukabaki nyufa za upana wa kidole. Fundi rangi, jirani yetu, mtu anayetumia maneno kama anayaazima, akaleta ngazi yake akafungua bati moja. Mdogo wangu akakaa barabarani chini ya ukingo wa paa, akashona hapo wiki nzima, jua linamwingia shingoni. Wapita njia wakimuuliza vipi tena, aliwaambia anajenga gereza, na mhandisi wake ni kaka yake. Nilikuwa nimekaa hatua tano tu kutoka hapo. Hakushusha sauti.

Siku ya ukaguzi mdogo wangu akaiazima tena ngazi ya fundi rangi. Fundi akakubali kwa sharti moja, ikifika saa sita anaichukua, ana ukuta wa kumalizia. Mdogo wangu akasema sawa kabisa. Mpaka leo sijui kama walizungumza zaidi ya hapo. Nilimuuliza fundi, akanijibu kwamba rangi ilikuwa inakauka.

Kamusi akaja saa tano na nusu na koti lake, faili mkononi, na nyuma yake watu wengi wa foleni waliotaka kuona ubulieti ni kitu gani. Akazunguka chumba mara mbili. Akauliza kwa kuingilia ni wapi, mdogo wangu akanyoosha kidole juu. Angeweza kutia sahihi akiwa chini akaenda zake. Lakini fomu ya ukaguzi iliyoandikwa na ofisi yake ilisema mkaguzi athibitishe akiwa ndani, na macho ya watu yalikuwa mgongoni mwake. Akapanda. Ngazi ilikuwa moja, kwa hiyo fundi rangi, aliyepanda nyuma yake, alimwomba akae kidogo juu ya ukuta, miguu inaning'inia, akaivuta ngazi na kuishusha ndani kwenye lile tundu. Kamusi akateremka, kitambi kikakwama kwenye bati, kikalegea, akapotea. Fundi akalitazama jua, akaipandisha ngazi, akaishusha upande wa nje, akashuka na kuitia begani.

"Saa sita," akasema, akaondoka.

Kwa kitambo tulisikia hatua tu mle ndani. Kisha sauti ikatangaza kwamba ukaguzi umekwisha na kila kitu kiko sawa. Mdogo wangu alikuwa anashona pindo la sketi. Sauti ikasema iko tayari kutoka. Akaijibu, bila kuacha kukanyaga, kwamba ngazi imekwenda kazini, itarudi jioni. Sauti ikapanda: mbao zing'olewe mara moja. Akasema angependa sana, lakini kibali hakina mlango, na anaogopa kuvunja sheria mheshimiwa akiwa humo anamsikia.

Mtu mmoja kwenye kundi alicheka, akaigeuza ikawa kikohozi. Jua lilikuwa limekaa sawasawa juu ya bati. Kamusi akagonga mbao, akaacha. Katika ule ukimya tukasikia tumbo lake likinguruma, mngurumo mrefu wa mtu asiyekunywa hata chai. Nilikuwa najua jina la mngurumo ule. Sikulitaja.

Ndipo mdogo wangu akanyanyua mguu kwenye kanyagio, akasogeza mdomo kwenye ufa wa dirisha.

"Mheshimiwa, mimi Kiingereza sijui. Naomba kuuliza. Hapo ulipo ni mahali gani?"

Hatua zikasogea mle ndani.

"Mbele yako kuna cherehani. Kuna meza ya kukatia, kuna chaki, kuna mashati hayana vifungo. Hicho ni chumba cha nini?"

Nilijikuta namhurumia yule mtu. Wengine pale walikuwa wanasubiri kuona kichekesho. Mimi nilijua gharama ya jibu, maana mwenyewe sikuwa nimeweza kulitoa kwa miaka mitatu. Tukamsikia akisogeza mashati mezani. Jibu lilipokuja lilikuwa la sauti ndogo, ya nyumbani, sikuwahi kuisikia kwake.

"Cha kushonea."

"Andika," akasema mdogo wangu.

Tukasikia kalamu.

"Sasa nifungulie mlango, mama."

"Mlango haumo kwenye kibali."

"Nauruhusu."

"Andika. Mlango mmoja."

Kalamu ikakwaruza.

"Na dirisha moja," akaongeza mdogo wangu. "Mimi macho yangu si mazuri."

Kalamu tena. Kisha leso ikafunguliwa, na mhuri ukagonga meza ya kukatia, tuk, mara moja. Karatasi ikapita kwenye ufa, ikiwa na vumbi la chaki pembeni. Mdogo wangu akanikabidhi mimi mbele ya watu wote.

"Soma," akasema. "Mpaka chini."

Nikasoma mpaka chini. Ilikuwa fomu ya Kiingereza iliyojazwa kwa Kiswahili, ya kwanza kuiona katika ofisi ile: chumba cha kushonea, mlango mmoja, dirisha moja, kimekaguliwa, kimeruhusiwa. Ndipo akanipa ruhusa ya kung'oa misumari niliyoigongomea mwenyewe, nikaing'oa mmoja mmoja.

Kamusi alitoka na uzi wa buluu gotini na chaki kwenye koti. Akawatangazia watu kwamba ukaguzi umekamilika na jengo linalingana na kibali. Hakucheka hata mmoja. Wakampa pole kwa kazi, wakampisha njia. Nusu yao walikuwa na fomu zao mezani kwake.

Kesho yake nilikwenda kusimama mbele ya ile orodha ya ukutani kama mtu wa kijiji. Duka, kibanda, gereji, saluni, mgahawa, mtaro, banda la mifugo. Nikairudia. Nikamuuliza binti wa dirishani kama kuna ukurasa wa pili.

"Hakuna, mzee," akasema. "Chumba cha kushonea hakijawahi kukatazwa. Hakuna tu aliyewahi kukiandika."

Sikumpelekea mdogo wangu habari hiyo. Alikuwa nayo tangu alipokaa kwenye kiti cha wateja.

Siku hizi mtu akija kibarazani namuuliza anajenga nini, akisema banda naandika banda, na wanamrudishia, na harudi tena kwangu. Wengi wamehamia kibaraza cha pili, kwa bwana mmoja asiye na kitabu ila ana simu. Nasikia wiki iliyopita Kamusi ameidhinisha "lychgate" mbele ya bucha. Hilo ni lango lenye paa la kuwekea jeneza linaposubiri kuzikwa. Hilo nalo tunalo.

Kwa hiyo nina nafasi, na mchana hukaa kwenye chumba cha kushonea nikitia vifungo. Tangu siku ya ukaguzi mdogo wangu hajanisema kwa neno hata moja. Aliomba tu kile kitabu, maana karatasi yake ni ngumu, inafaa kukatia umbo la kola: analaza ukurasa juu ya kitambaa, anauzungushia chaki, anapitisha mkasi. Amekwishakata mpaka herufi N. Juzi, mkasi ulipofika kwenye O, nilimwomba aniachie ukurasa mmoja.

"Upi?"

Nikamwonyesha ule ulioliwa. Akaupima juu ya kitambaa, akaugeuza, akaupima tena, kisha akanisukumia upande wangu wa meza.

"Chukua," akasema. "Huu hautoshi hata kola."